Pikapu ya umeme au ya dizeli: kisa cha mzigo wa Amani hadi Tanga mjini

Mwenye kisa hiki ni mama mfanyabiashara wa Tanga mjini. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua viungo na matunda Amani na vijiji vinavyoizunguka, juu kwenye Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kisha kuvishusha hadi stoo yake Ngamiani. Iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu ukifika msimu wake. Katikati ya misimu ndizi, mafenesi na machungwa. Wateja wake wakubwa wako soko la Mgandini, wengine humfuata stoo. Ana pikapu moja, dereva mmoja na daftari moja la jalada gumu. Daftari nalitaja mapema kwa makusudi, kwa kuwa uchambuzi wote umetoka humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu ameishi kwa neno hilo: kila lita ya dizeli, kila filta, kila bushi iliyobadilishwa imeandikwa, tarehe pembeni na bei mbele yake.

Pikapu ilikuwa Hilux ya dizeli, mtumba wa Japani, kabini moja. Ilimfaa sana. Lakini injini ilikuwa imeanza kula oili, asubuhi inatoa moshi, na mlimani inachoka. Fundi alimwambia bila kuzunguka: injini ishushwe, la sivyo atafute gari lingine. Wakati huohuo mwanawe aliyeko Dar es Salaam hakuacha kumpigia simu kuhusu pikapu za umeme. Mama akaniita nimkalie hesabu, kazi ninayowafanyia wenye magari kadhaa hapa mjini. Baada ya shikamoo na marahaba, daftari lilitangulia chai. "Mwanangu," alisema, "mimi sitaki gari la kusifiwa na watu. Nataka gari la kushusha mzigo, na faida ibaki."

Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Pikapu ya umeme ina sababu nzito za kuchaguliwa, ila nyingi ya sababu hizo hutazipata kwa kulikagua gari. Utazipata ukiikagua njia ambayo gari litapita kila siku. Gari lile lile linaloweza kumtajirisha mama huyu linaweza kumfilisi jirani yake anayepeleka mzigo Kariakoo.

Njia yenyewe

Tanga hadi Muheza ni lami, kilomita zisizofika 40. Kutoka Muheza kwenda Amani ni kilomita nyingine thelathini na kitu za udongo na mawe. Ukifika Sigi ndipo kupanda kwenyewe kunaanza, kona juu ya kona ndani ya msitu wa hifadhi, kwa kama kilomita 10, mpaka Amani iliyo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Muheza mjini ni kama mita 200 tu. Ukijumlisha mizunguko ya vijijini ya kukusanya magunia, kwenda na kurudi hukaribia kilomita 150.

Dereva huondoka saa kumi na moja alfajiri, na saa tisa alasiri gari liko uani. Hufanya hivyo siku sita kwa wiki. Linapanda likiwa na magunia matupu na mizani, linashuka na mzigo usiozidi tani moja. Usiku linalala mahali palepale, ndani ya geti, hatua chache kutoka kwenye mita ya umeme.

Nilipoyaandika haya kwenye karatasi nilijua umeme una nafasi yake hapa. Umbali unajulikana na haubadiliki. Kulala ni nyumbani. Mwendo ni wa polepole, na injini ya dizeli ndipo inapopoteza zaidi: kwenye foleni ya mizani, kwenye kupakia huku inanguruma, kwenye gia ya kwanza na ya pili. Gari la umeme likisimama halili kitu isipokuwa taa na redio. Tena mzigo unashuka, haupandi. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote, na nitalirudia.

Hesabu ya mafuta na yuniti

Daftari lilionyesha safari moja inakula kama lita 15 za dizeli. Kwa hesabu tulichukua bei ya shilingi 2,800 kwa lita, iliyokuwa karibu na bei kikomo za mwaka 2025 za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta na umeme. Hiyo ni shilingi 42,000 kwa safari.

Pikapu ya umeme ya tani moja, kwa njia ya aina hii, hutumia takriban yuniti 30 kwa kila kilomita 100. Nasema yuniti kwa sababu yuniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kilowati-saa inayoandikwa kwenye betri ni kitu kimoja, na ukilijua hilo nusu ya woga wa magari haya unaisha. Kilomita 150 ni yuniti 45 kutoka kwenye betri. Kuchaji kuna upotevu, kama moja ya kumi hivi, kwa hiyo kwenye mita zinatoka yuniti 50. Bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292 kwa yuniti, na ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA inafika kama 356. Safari moja ni shilingi 17,800.

Tofauti ni 24,200 kwa safari. Kwa safari 25 za mwezi ni shilingi 605,000, na kwa mwaka ni milioni 7 na laki mbili na ushei.

Mwanawe aliposikia kiasi hicho kwenye simu alishangilia. Mimi sikushangilia, na naomba msomaji pia asubiri. Pikapu ya umeme ni ghali kuinunua. Ukiilinganisha na mtumba mwingine wa dizeli, tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa mno. Kanuni niliyompa mama ni hii: kwa njia yake, kila milioni 10 anayoongeza juu ya bei ya gari la dizeli inachukua kama mwaka mmoja na miezi minne kurudi, kwa mafuta peke yake. Ongezeko la milioni 20 ni miaka miwili na miezi tisa. La milioni 40 ni miaka mitano na nusu.

Na hiyo ni kama fedha ni zake. Kama ni za benki, picha inageuka kabisa. Riba nyingi za biashara hapa nchini zinazunguka asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 40 za kukopa zinadai riba ya milioni 6 katika mwaka wa kwanza, na akiba yote ya mafuta ni milioni 7 na kidogo. Yaani angekuwa anaamka saa kumi alfajiri kuitafutia benki riba. Hapa ndipo nawaona wengi wakiumia: wanapiga hesabu ya yuniti na lita, wanaisahau hesabu ya fedha yenyewe. Mama aliliona mara moja. Alifunga daftari akasema mkopo hautakuwepo. Lipatikane gari kwa fedha iliyopo na kwa kuiuza Hilux, ama lisipatikane.

Upande wa pili wa daftari ulikuwa ukurasa wa gereji. Kwa mwendo wa kilomita 45,000 kwa mwaka, oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 inamwagwa mara tisa. Kila mara na filta yake. Ongeza nozeli, klachi iliyoungua mlimani, breki zinazoliwa na mteremko wa Sigi. Katika gari la umeme vitu hivyo havipo, isipokuwa breki, nazo zinakaa muda mrefu. Springi, shokapu, bushi na matairi vinabaki palepale, na matairi huisha haraka kidogo kwa sababu gari ni zito na linang'oka kwa nguvu. Anayekwambia gari la umeme halina gereji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Oili chafu nayo nina neno juu yake. Maji yanayotiririka kutoka misitu ile ya Amani yanaingia mto Zigi, mto unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayotunywesha Tanga. Kila gari linalomwaga oili au kuvujisha dizeli kule juu linatumwagia sisi wa huku chini. Mama hakulinunua gari kwa sababu hiyo na sitamsingizia. Mimi binafsi naliona ni jambo kubwa.

Siku ya majaribio

Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alikubali kuleta pikapu ya Kichina ya majaribio, yenye betri ya yuniti 86 na inayovuta magurudumu yote manne. Ilifika Tanga juu ya mgongo wa lori. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, na kwa betri ile, kwa mwendo wa barabara kuu, haikutosha kufika bila kusimama kuchaji njiani. Kwa anayetaka pikapu ya umeme kwa safari za Dar, lori lile lilikuwa jibu tosha.

Usiku wa kwanza wakaichomeka kwenye soketi ya kawaida ya barazani, ile ya pini tatu. Asubuhi ilikuwa imeingiza yuniti 25 tu, nusu ya mahitaji ya siku. Ni hesabu nyepesi: soketi ile kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3, mara saa 11 za usiku. Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa soketi yenyewe. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, na ukiigusa ina moto. Soketi ya nyumba imetengenezwa kwa pasi na jokofu, vitu vinavyowaka na kuzima. Haikutengenezwa kusukuma ampea 10 usiku kucha, kila usiku, mwaka mzima. Kosa hili ndilo litakaloleta moto majumbani kabla betri haijaleta lolote, na nawasihi wasomaji walichukulie kwa uzito.

Kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni aliitwa. Alivuta laini ya pekee kutoka kwenye meini swichi kwa kebo ya milimita za mraba 10, akaweka breka ya ampea 40, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Kwa chaja ya ampea 32 laini hiyo inatoa kilowati 7 na zaidi kidogo. Yuniti 50 zinaingia kwa saa saba.

Saa hizo saba ndizo zinazojibu swali la umeme kukatika, ambalo kila mtu Tanga huliuliza kwanza. Gari linarudi saa tisa alasiri na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Hapo katikati kuna saa 14. Ukilichomeka mara linapoingia, badala ya kusubiri watu walale, umeme unaweza kukatika hata kwa saa saba na bado gari likaondoka limejaa. Ukikatika usiku kucha, kesho yake mzigo haushuki, na hilo lazima mtu alikubali kabla ya kununua. Hata hivyo mambo si yale ya miaka ya mgao. Mashine zote tisa za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115 kwa pamoja, zimeshaingia kwenye gridi. Na sisi wa Tanga tuna mitambo ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68, inayozungushwa na mto wetu wenyewe. Dizeli inakuja kwa meli na inalipwa kwa dola. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, lenye kilomita 1,443, halitabadilisha hilo kama baadhi ya watu wanavyotarajia: ni la mafuta ghafi yanayokwenda kupakiwa melini, hayasafishwi hapa.

Kuna jambo la mita ambalo lilimwokolea mama fedha. Nyumba yake ilikuwa kwenye D1, ile ya wanaotumia hadi yuniti 75 kwa mwezi, ambao yuniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi. Pikapu peke yake inakula yuniti 1,250 kwa mwezi. Kama angeichaji kwenye mita ya nyumbani, D1 ingekufa, na taa, feni na jokofu la familia vyote vingepanda bei. Tuliomba mita ya pili kwa ajili ya stoo na gari. Nyumba ikabaki ilipokuwa.

Kushuka Sigi

Siku ya pili ya majaribio nilipanda nao. Kupanda kulikuwa kwa kimya kiasi kwamba watoto wa kijiji cha Kisiwani waliokuwa katikati ya barabara hawakutusikia mpaka dereva alipopiga honi. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu tairi linapoanza kuzunguka, kwa hiyo kona zile ambazo Hilux huzipanda kwa gia ya kwanza huku ikinguruma, hii ilizipanda kama iko uwanda. Amani tulifika betri ikiwa na asilimia 69.

Tulizunguka vijijini tukipakia viroba vya iliki kavu, magunia ya pilipili manga na mikungu ya ndizi, kilo 900 hivi. Kisha tukaanza kushuka.

Kila aliyewahi kushuka pale na mzigo anaijua harufu ile: breki zilizopata moto, na ukisimama Sigi unaona moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu. Dereva wetu, kijana aliyeshuka pale kwa miaka, alikuwa na mguu juu ya breki tangu kona ya kwanza. Muuzaji akamwambia auondoe. Akauondoa nusu. Gari likajishika lenyewe, kama limewekwa gia ya pili, mota ikigeuka jenereta na kurudisha nguvu ya mteremko kwenye betri. Kona ya tatu akauondoa mguu wote. Kwenye kioo asilimia 62 ikawa 63, na karibu na Sigi ikawa 64. Tuliposimama, alishuka akaweka kiganja kwenye rimu ya mbele. Alikiacha pale. "Kaka, njoo ushike," aliniita. Ilikuwa vuguvugu tu.

Nataka niseme ukweli wa jambo hili, kwa sababu mitandaoni linatiwa chumvi. Asilimia mbili za betri ile ni kama yuniti 1.7, shilingi mia sita na kitu. Gari la tani tatu na ushei likishuka mita 450 lina nishati ya karibu yuniti nne. Sehemu inaliwa na matairi kwenye mawe, sehemu inapotea kwenye kubadilishwa, kinachobaki ndicho hicho. Uswisi kuna lori la machimbo liitwalo eDumper, linalopanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, na kushuka kwake hurudisha sehemu kubwa ya umeme wa kupandia. Sisi mzigo wetu ni mdogo kuliko gari lenyewe, hatuwezi kutarajia hayo. Faida ya kweli ya mteremko ule iko kwenye breki zisizopata moto na dereva asiyeshuka na roho mkononi. Kwa mzazi yeyote mwenye kijana anayeendesha njia ile, hiyo faida haihitaji kuwekewa shilingi.

Sharti moja lipo: betri isiwe imejaa ukiwa juu. Betri iliyojaa haipokei umeme, na breki zinarudi kufanya kazi peke yake. Anayeishi Amani na kuchaji hukohuko lazima alijue hili. Kwa anayechaji Tanga halimsumbui.

Gari lipi, na mvua ikinyesha

Kipindi cha masika barabara ya Amani inakuwa udongo mwekundu unaoteleza. Hapa pikapu nyingi za umeme zinaondoka kwenye orodha mara moja. Maxus T90EV, kwa mfano, ina betri ya yuniti 88.55 na inabeba tani moja, lakini inasukuma magurudumu ya nyuma tu. Isuzu D-Max EV ina betri ndogo zaidi, yuniti 66.9, lakini inavuta yote manne na bado inabeba tani moja. Hilux mpya ya umeme inavuta yote manne, ina yuniti 59.2, na inabeba kilo 715 hivi. Maxus eTerron 9 ina yuniti 102, na kwa uzito wa betri hiyo mzigo wake umeshuka hadi kilo 620. Ona lilivyo: betri kubwa si lazima ibebe gunia zaidi, na uzito wake wenyewe unaweza kulipunguza. Wanunuzi hukimbilia betri kubwa kwa hofu ya kuishiwa njiani, kisha wanagundua wamenunua gari la kubeba betri. Kwa njia ya kilomita 150, betri ya yuniti 65 hadi 90 inatosha. Magari makubwa ya Marekani, F-150 Lightning na wenzake, tuliyapita bila kuyajadili.

Dhamana ya betri tuliisoma mara mbili. Iliyozoeleka ni miaka minane au kilomita 160,000, kinachotangulia. Watu husoma miaka minane na kutabasamu. Kwa kilomita 45,000 kwa mwaka, dhamana hiyo inakwisha kwa kama miaka mitatu na nusu. Betri yenyewe haifi siku hiyo: seli za LFP, aina ya betri ya lithiamu na chuma, hutajwa kuvumilia mizunguko 3,000 na zaidi, na njia hii inatumia nusu ya betri kwa siku, mizunguko kama 150 kwa mwaka. Lakini ni lazima ujue kuanzia lini hatari ni yako. Na gari lililoletwa kwa njia za panya kutoka nchi nyingine linakuja bila dhamana kabisa; likiharibika Muheza, kiwanda hakikujui.

Mafundi ni tatizo ambalo halina jibu zuri bado. Nyaya za rangi ya machungwa chini ya gari zinabeba volti mia kadhaa, na fundi aliyezoea kupima cheche kwa bisibisi anaweza kufa. Fundi wa mama, mzee aliyemhudumia tangu gari la kwanza, alilitazama kwa chini akasema, "Mimi springi na mpira nitakufanyia, mama. Hapo kwenye machungwa sipeleki mkono." Lilikuwa jibu la mtu mzima mwenye akili. Tulimtaka muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba atamtuma fundi wake Tanga, ndani ya siku zilizotajwa, na gharama ya safari ni yake katika kipindi cha dhamana. Alisitasita, akakubali. Bila kipengele hicho ningemshauri mama ashushe injini ya Hilux na kuendelea.

Uamuzi

Alinunua ya umeme, inayovuta magurudumu manne, kwa fedha zake pamoja na za kuuza Hilux. Mzigo wa Dar, ambao ni wa mara chache, sasa unapanda kwenye fuso za kukodi. Nilimuunga mkono. Ningemkataza kama angekuwa na deni, kama angekuwa hana ua wa kuchajia, au kama nusu ya safari zake zingekuwa za Dar. Kwa mfanyabiashara wa Lushoto anayepeleka mboga Dar nasema hadi leo: baki na dizeli.

Wiki za mwanzo zilileta jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zangu kwa uzito uliostahili. Lita za dizeli kwenye daftari hazikuwa sawa kila siku. Njia ileile, mzigo uleule, siku moja 14, siku nyingine 18. Wenye magari wote wanaijua tofauti hiyo, na mama aliijua pia. Aliihesabu kama sehemu ya mshahara usioandikwa na hakuwahi kumwita kijana mwizi. Yuniti haziingii kwenye dumu, hakuna wa kuzinunua kando ya barabara Muheza. Kijana akaanza kununa. Mara chaja imelegea, mara gari halina nguvu, mara abiria wanaliogopa.

Mama alimwita barazani, nikiwepo. "Kaa, mwanangu. Najua gari la zamani lilikuwa linakupa chai. Hili halina chai. Sasa tuandike tukijua." Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama." Mshahara ulipandishwa, na juu yake ikawekwa posho ya kila safari atakayorudi na betri isiyopungua asilimia 45, mzigo mzima na bila kukwaruza gari. Siku hizi yeye ndiye anayesoma kioo na kuandika daftarini, kwa mkono wake: asilimia ya kuondokea, ya kufikia Amani, na ya kuingilia getini.